Mwalimu Aliyevuka Mto Kuomba Radhi

Walinipa dakika tano za kuzungumza. Mwenyekiti wa wazazi alinionya kabla sijashika kipaza sauti kwamba wasemaji ni wengi na pilau imeshaiva, nami nikamtii. Nikasema aliyosema kila mtu: kwamba Mwalimu Buya alitufundisha kusoma, kwamba alikuwa mkali na mwenye huruma, kwamba Garsen nzima ni watoto wake. Serikali ilikuwa imemstaafisha miaka mingi nyuma, lakini wazazi walimbakiza awafundishe watoto wa darasa la kwanza, na sasa macho yalikuwa yamekataa. Kwa hiyo tulikuwa tunamuaga mara ya pili, na safari hii ya kweli. Alikaa mbele chini ya turubai, amevaa koti la kijivu lililomzidi mabega, mikono juu ya magoti, akisikiliza sifa zake kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Watu walinipigia makofi. Nikarudi kwenye kiti changu na uzito kifuani, maana jambo moja nililolijua kuliko wote waliokuwa pale nilikuwa nimelimeza. Halikuwa jambo la dakika tano. Ni la mwaka mzima, na mwaka wenyewe ni ule wa katikati ya miaka ya hamsini nilioishi nyumbani kwake Idsowe, jirani na Garsen, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, au kumi na minne. Siku hizo hatukuhesabu sana.

Nilitoka Chara, ambako masomo yaliishia darasa la tatu. Mwalimu alikubali nikae kwake nisome la nne, kwa kuwa hapakuwa na bweni la wasichana na kutembea kila siku hakukuwezekana. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba kimoja walilala Mwalimu na mkewe na mtoto wao mchanga, Samweli. Cha pili kilikuwa ghala, na ndimo nilimolala mimi, kati ya magunia ya mpunga, pondo za mtumbwi na sanduku la bati lenye vitabu vya shule. Hata leo nikipita mahali panapokobolewa mpunga, ile harufu ya pumba hunisimamisha, nikajikuta nimeduwaa barabarani kama mtu aliyeitwa jina. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye paa. Kila walichosema nilikisikia, na nadhani kwa muda mrefu walisahau kwamba nasikia. Walizungumza kama watu wanaopendana na kuchoka: mpunga umeliwa na ndege, Samweli ana joto, chaki zimebaki mbili. Nilikuwa na hamu kubwa ya kwetu mwaka ule, na sauti zile mbili juu ya ukuta ndizo zilizonilaza.

Mke wa Mwalimu tulimwita Mama Mwalimu, darasa zima, ingawa hakuwa amenizidi sana umri. Alipika wali kwa kambare wa kukausha, na siku zisizokuwa na samaki, ndizi mbichi za kuchemsha na kunde. Lakini chakula ninachokitamani hadi leo ni chai ya asubuhi. Kila kukicha alikuja mama mmoja wa Kiorma, wale wafugaji wa ng'ambo ya mto, kibuyu cha maziwa begani, akayabadilisha kwa mahindi au mchele. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, maana vibuyu vyao huvifukiza. Alikuwa mrefu, hasemi sana, na hakuketi ila Mama Mwalimu alipomlazimisha. Mwanawe Galgalo alikuja naye, akamwacha mama yake mlangoni na kibuyu, naye akaelekea darasani. Katika watoto arobaini wa darasa letu Waorma walikuwa watatu, na yeye ndiye aliyekuwa hakosi hata siku moja, ingawa ndiye aliyetoka mbali kuliko wote.

Shule ilikuwa na atlasi moja. Haikuwa hata yetu. Tuliazimwa na ofisi ya elimu ya wilaya. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kaki na ilikaa ndani ya lile sanduku la bati, chumbani kwangu. Siku za jiografia Mwalimu aliileta darasani tukaizunguka kwa zamu, mikono imeoshwa. Galgalo alikuwa akiomba zamu ya mwisho ili asisukumwe. Siku moja tulibaki wawili juu ya ukurasa wa Kenya, akaniuliza, "Chara iko wapi?" Nikatafuta, sikuiona. Nikamwonyesha mto tu, mstari mwembamba wa buluu unaojipindapinda mpaka baharini, nikamwambia kwetu ni hapa karibu na mwisho. Akaangalia pande zote mbili za mstari, mahali peupe pasipoandikwa kitu. "Na sisi ni hapa," akasema, "na hapa pia." Akafunika peupe pote kwa kiganja chake. Tukacheka. Sikuwahi kuwa na rafiki wa namna hiyo, ambaye ungeweza kunyamaza naye.

Basi jioni moja nikasikia juu ya ukuta Mwalimu akimwambia mkewe kwamba mkaguzi wa shule atakuja mwezi ujao, na akiondoka ataondoka na atlasi, kwa kuwa kuna shule kubwa zaidi inayoihitaji. Siwezi kueleza kwa maneno ya mtu mzima jinsi habari ile ilivyonishika. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimejizoesha kufungua sanduku mchana nyumba ikiwa tupu, nikaweka kidole juu ya ule mstari wa buluu na kuufuata mpaka karibu na bahari, na hapo nikapumua. Ndiyo ilikuwa njia yangu ya kwenda nyumbani. Kesho yake, Mama Mwalimu akiwa shambani, nilichukua wembe wa Mwalimu nikaukata ule ukurasa kwa uangalifu, taratibu kabisa, nikaukunja na kuuweka chini ya mkeka wangu.

Pengo liligunduliwa baada ya siku nne. Mwalimu aliifungua atlasi mbele ya darasa, akapindua kurasa, akarudi nyuma, akapindua tena. Aliuliza mara moja tu. Nakumbuka nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Halafu akasema, "Aliyeishika mwisho ni nani?" na darasa zima likageuka kumtazama Galgalo. Sasa, Mwalimu Buya wa siku zile alikuwa kijana, hajafika miaka ishirini na mitano, amesoma chuo kwa shida, na aliogopa mkaguzi kuliko alivyoogopa mamba. Nasema haya si kwa kumtetea. Alimwita Galgalo mbele. Galgalo akasema, "Si mimi, Mwalimu." Akapigwa fimbo sita. Fimbo tulizizoea, kila mmoja wetu alikuwa amezionja. Lakini baada ya ya sita Mwalimu akasema neno ambalo sitaliandika lote, kwamba watu wa jamii yake wamezoea kuchukua cha wenzao, iwe malisho au kitabu. Darasani wengine waliguna, wengine wakacheka. Galgalo hakulia. Alikwenda mahali pake, dawati la nyuma, akachukua kibao chake cha kuandikia, akakitazama, akakirudisha juu ya dawati kwa kuwa kilikuwa cha shule, kisha akatoka. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Alipita akanigusa kwa bega. Sikusema kitu.

Asubuhi iliyofuata maziwa hayakuja. Wala ya pili. Mama Mwalimu alimnywesha Samweli uji mtupu, mtoto akakataa, akalia hadi sauti ikakauka. Sisi tulikunywa chai ya rangi. Siku ya tatu au ya nne nikawasikia juu ya ukuta.

"Baba Samweli, una hakika ni yule mtoto?"

"Nani mwingine?"

"Sikuulizi nani mwingine. Nakuuliza kama una hakika."

Baadaye nikasikia kitanda kikilia, kama cha mtu anayegeuka na kugeuka tena.

Nilishindwa kula. Mama Mwalimu alifikiri ni homa ya malaria, akaniwekea mkono shingoni. Kisha ikawa Jumamosi ya kuanika mikeka, maana kunguni walikuwa wamezidi. Niliporudi kuteka maji niliiona mikeka yote iko juani, na wangu pia. Nilikimbia ndani. Ile karatasi ilikuwa juu ya gunia la mpunga, imekunjwa vile vile nilivyoikunja, na juu yake limewekwa jiwe dogo ili upepo usiichukue. Mama Mwalimu alikuwa nje akimwosha Samweli. Hakuinua uso. Alasiri alinirudishia mkeka wangu na hakusema neno. Jumapili hakusema neno. Jumatatu alinipakulia chakula kama kawaida, akanitazama kidogo tu, kwa jicho la mtu anayengoja mtumbwi uliokwisha kuonekana. Nimefundisha watoto miaka thelathini na zaidi, na sijapata kuona adhabu nzito kama siku tatu zile, wala heshima kubwa kama ile. Angeweza kusema yeye. Aliniachia mimi.

Jumatatu jioni Mwalimu akiwa anasahihisha madaftari mlangoni, nilimwendea na karatasi mkononi. Nilikuwa nimetunga maneno mengi. Yaliyotoka ni, "Mwalimu, Galgalo alisema kweli."

Aliichukua karatasi akaifungua juu ya goti lake. Aliitazama muda mrefu. Nilingoja fimbo; kwa kweli niliitamani. Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia habari ya kidole na mto. Mama Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu, mtoto begani. Mwalimu akasema polepole, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa vibaya, "Wewe umekata karatasi. Karatasi itabandikwa. Mimi je?"

"Kesho nenda kwa wale watu," Mama Mwalimu akasema.

"Nitamtuma mtu awaite."

"Mtu hatumwi kuomba radhi, Baba Samweli. Na huyu umchukue."

Tulivuka kwa mtumbwi alfajiri, mimi na yeye, tukatembea uwandani mpaka jua likaanza kuchoma. Mwalimu alikuwa mbele, hakugeuka hata mara moja. Nyasi zilikuwa zimekauka, na kijiji chao kilikuwa nyumba za duara za nyasi, kama kumi na mbili, na zizi la miiba. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda mbali na ng'ombe kutafuta maji. Yule mama wa maziwa alitutazama tukija tangu mbali, na tulipofika alitutandikia ngozi, akatupa maji, akaketi mbele yetu na wanawake wengine watatu wanne. Kwao mgeni hunyweshwa kwanza. Galgalo alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba.

Hapo pakatokea taabu ambayo Mwalimu hakuifikiria. Alijua Kiorma cha kununulia maziwa, si cha kuombea msamaha. Na yule mama alijua Kiswahili cha kuuzia maziwa. Aliyejua lugha zote mbili vizuri pale alikuwa Galgalo peke yake.

Mwalimu akamtazama. "Utanitafsiria kwa mama yako?"

Galgalo akakubali kwa kichwa. Basi Mwalimu akasema kipande kipande, na Galgalo akakigeuza kipande kipande, uso wake hauonyeshi kitu: kwamba mtoto huyu hakuiba, kwamba alipigwa bure, kwamba alitukanwa, yeye na jamii yake. Alipofika kwenye lile neno lenyewe, Galgalo akasita. Akamwuliza Mwalimu kwa sauti ndogo, "Na hilo pia nilitafsiri?" Mama yake hakuwa amelisikia kabla, mtoto alikuwa amelificha asimwumize. Mwalimu akafumba macho. "Litafsiri," akasema. Galgalo akalitafsiri. Mimi nikasema kosa la kukata lilikuwa langu, na hilo nalo likageuzwa, na yule mama akanitazama mimi mara ya kwanza, bila ukali, kama mtu anayetazama mbuzi wa watu aliyeingia kwake.

Kisha akauliza swali, na hakungoja ligeuzwe, akalisema mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Mwalimu. Siku ile watoto ngapi nasikia?"

"Arobaini."

"Hapa watu ngapi?"

Mwalimu akatazama. Tulikuwa hatufiki kumi.

"Basi," akasema. Akasimama kwenda kwenye mbuzi wake, na mazungumzo yakaisha. Tulipokuwa tunaondoka Mwalimu alimwambia Galgalo, "Mwambie aje nawe shuleni siku atakayotaka yeye. Nitasema mbele ya arobaini."

Walikuja baada ya wiki moja, na siku waliyoichagua, bila kujua, ilikuwa siku ya mkaguzi. Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, karani wake kando, chifu naye yupo, sisi tumevaa safi na tunaimba jedwali la kuzidisha. Nikaona mlango umefunikwa na kivuli kirefu. Yule mama alisimama kizingitini, na Galgalo kando yake. Mwalimu alikuwa na chaki mkononi. Ninaposema kwamba nimemjua mtu huyu, nasema nilimwona katika dakika hiyo. Angeweza kuwaomba wangoje nje. Yule mama angengoja. Alikwisha kuwa tayari kurudi nyuma alipoona kofia ya mkaguzi. Lakini Mwalimu aliiweka chaki chini, akafuta vidole, akatutuliza kwa mkono. Akamwita Galgalo aje asimame pale pale aliposimama siku ile. Akasema yote, neno kwa neno, hata lile neno, na akasema, "Nilidanganya mbele yenu, na nimemvunjia heshima mwenzenu na watu wake. Galgalo, nisamehe." Hakunitaja. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, akanizuia kwa macho, nikaketi, na kuketi kule kumeniuma kuliko kama ningesimama.

Galgalo alisema, "Imekwisha, Mwalimu." Akaenda kukaa mahali pake. Mama yake akaaga kwa kuinamisha kichwa, akaondoka. Asubuhi iliyofuata maziwa yalikuja.

Mkaguzi hakuelewa Kiswahili chote, karani akamweleza. Nilikuwa nasogeza maji ya kunawa ya wageni nilipomsikia karani akimpa Mwalimu majibu yake. Bwana amesema mwalimu haombi radhi mbele ya wanafunzi. Bwana amesema mwalimu asiyejua kusimamia cheo chake hawezi kupewa cheo kikubwa. Miaka ile serikali ilikuwa na wasiwasi na mtu yeyote aliyesimama mbele ya watu akasema lisilokuwa kwenye ratiba. Atlasi iliondoka siku hiyo, ukurasa umebandikwa kwa uji. Mwisho wa mwaka Mwalimu alihamishiwa Kinakomba, shule ndogo kuliko ile, akakaa huko miaka mingi huku wenzake aliosoma nao wakiwa wakuu wa shule na maofisa. Alirudi Garsen mvi zimeshamtoka. Leo watu husema alipenda kijiji, hakutaka makuu. Mimi nilikuwa nikiisikia sauti ya mkewe juu ya ukuta, wiki ile barua ilipokuja. "Unajuta?" akamwuliza. Akajibu, "Naogopa. Kujuta bado."

Galgalo alifanya mtihani wa darasa la nne pamoja nasi akanishinda kwa mbali. Mwaka uliofuata ukame uliwapeleka watu wa kwao mbali sana, na sikumwona tena. Nimeuliza kwa wachunga ng'ombe, kwa madereva wa malori, kwa wanafunzi wangu wa Kiorma. Wapo wanaosema alifungua duka huko kaskazini, wapo wanaosema alifariki zamani. Miaka hii yote, nikiingia darasa jipya, jicho langu hukimbilia kwanza dawati la nyuma.

Siku ya kumuaga Mwalimu, watu walipokwenda kula, nilimfuata alipokuwa amebaki peke yake chini ya turubai. Mama Mwalimu tulimzika miaka saba iliyopita, na alionekana mdogo bila yeye. Nikainama nikamshika mikono. Hakuniona vizuri, ila sauti aliijua.

"Rahabu wa Chara," akasema. "Umesema vizuri."

"Sikusema la kweli, Mwalimu. Nilitaka kuwaambia habari ya Galgalo. Kwamba ulimfuata."

Aliinamisha kidevu kifuani, nikadhani amesahau. "Huyo nilimfuata, ndiyo," akasema. "Nashukuru nilimfuata. Lakini si huyo anayeniamsha usiku. Kinakomba kulikuwa na mtoto mmoja, Hiribae. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hana akili na asirudi. Hakurudi. Nyumbani kwao palikuwa mwendo wa saa moja. Kila siku nikasema kesho." Alipapasa mkono wangu kama anayeutafuta wakati ameushika. "Miaka arobaini na kitu, Rahabu, wako niliowafuata na wako nisiowafuata. Hao wa pili nawajua majina yao wote. Wale wengine, hawa walionipa blanketi leo, nawachanganya."

Sauti za watu wakila zilikuwa zinatufikia, na mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti.

"Na wewe umefundisha," akasema. "Wako usiowafuata ni wangapi?"

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, magoti yetu yakagusana, nikamtajia jina la kwanza.